Nyumba ya Mama Kipketer Huko Kibabii

Siku niliyomwona Chelangat akiingia nyumba ya watu asiowajua na kwenda moja kwa moja hadi chooni bila kuelekezwa, nilidhani nimeleta mwizi.

Mimi naitwa Mulki. Nauza vitambaa Bungoma mjini, karibu na msikiti, na baada ya miaka mingi ya kupanga nyumba za watu nilikuwa nimepata ploti Kibabii, mbele kidogo ya chuo kikuu. Mteja wangu mmoja wa Kitale aliniambia kuna mama huko Kibomet anayechora ramani za nyumba, lakini hachori chochote mpaka akae kwenye ploti kutwa nzima. Nilicheka. Kisha nikaomba nambari yake ya simu.

Chelangat alifika saa moja asubuhi akiwa na kigoda, chupa ya chai na mfuko wa vijiti. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na nane hivi, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Elgon, asiye na maneno mengi. Watu Kitale walimwita Injinia hata baada ya kuwaambia mara kumi kwamba yeye ni mchoraji tu, na kwamba ramani zake hupigwa muhuri na msanifu mwenye leseni. Alichomeka vijiti ardhini kufuata kivuli cha mti wa jirani. Alichimba shimo dogo, akalijaza maji, akatazama saa yake kuona ardhi itayanywa kwa muda gani. Halafu akaanza kuniuliza.

"Kwenu nani huamka kwanza?"

"Mimi. Kwa swala ya alfajiri."

"Unatawadhia wapi?"

"Kwa beseni, bafuni. Nakanyaga maji hadi chumbani."

Akaandika. Nilikuwa nimekaa katika nyumba tano maishani na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Ilipofika saa tisa alasiri mbingu ya Bungoma ikafanya kawaida yake. Wingu lilikuja jeusi, radi ikapasuka, kisha mvua ya mawe. Tulikimbilia boma lililokuwa karibu, tukabisha hodi huku tumejifunika mifuko kichwani.

"Mulembe! Ingieni, ingieni haraka!" Aliyetufungulia alikuwa mzee mnene mwenye miwani, Mwalimu Festus, ambaye alikuwa amestaafu miaka michache tu. Mke wake, Linet, au Mama Linet kama nilivyomwita, alituletea taulo. Nyumba yao ilikuwa mpya na nzuri, ya mabati meusi, ya aina ambayo mtu akipita barabarani hugeuka kuitazama. Ndani palikuwa na joto la kushangaza kwa siku ya mvua.

Nilikaa. Chelangat hakukaa. Alisimama katikati ya sebule akitazama ukutani, ambapo palikuwa na meko kubwa ya mawe ya kuotea moto. Ndani ya meko walikuwa wamepanga magunia mawili ya mahindi.

"Naomba kutumia choo," akasema.

Mama Linet aliinua mkono kumwonyesha njia, lakini Chelangat alikuwa ameshaingia kwenye korido. Alipita mlango wa kwanza, akashika wa pili kushoto, na badala ya kuusukuma kama ambavyo mtu yeyote angefanya, akauvuta. Ule mlango ulikuwa wa kufunguka kwa nje.

Mama Linet alinitazama. Nami nikamtazama.

Alipotoka chooni uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Hakurudi sebuleni. Tulimsikia akitembea jikoni, hatua moja moja, kama mtu anayepima shamba.

"Wewe mama," Linet akasema tulipomfuata huko, sauti imekaza, "ulijuaje choo chetu kiko wapi? Ushawahi kuingia hapa tukiwa hatuko?"

"Sijawahi kufika hapa maisha yangu."

"Sasa?"

"Mama, hebu simama hapa. Hii kaunta inakufikia wapi?"

Linet alikuwa mrefu karibu kama yeye. Alisogea, akaweka mkono juu ya paja. "Hapa. Miaka miwili napika nikiwa nimeinama, mgongo umeniisha. Lakini si tuliambiwa ndiyo ya kisasa?"

Chelangat alisema kitu, lakini mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati na hakuna aliyesikia. Ikabidi arudie kwa kupaza sauti.

"Nasema hii ni kaunta ya Mama Kipketer! Anatembea kwa kiti cha magurudumu!"

Mwalimu Festus alivua miwani yake.

Tuliketi, na Chelangat akaeleza. Miaka minne iliyopita, mfugaji mmoja wa Kitale aitwaye Kipketer alikuja kwake. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi, miguu haina nguvu, lakini hakutaka kupikiwa. Kwa hiyo kaunta ikawekwa chini ili apike akiwa ameketi. Mlango wa choo ukapanuliwa, ukafunguka nje ili akianguka ndani asiuzibe. Kitale kuna baridi, hasa jua likishazama, na mama yule alikuwa akitetemeka. Kwa sababu hiyo chumba chake kilipewa kioo kikubwa upande wa magharibi, kichote jua lote la jioni, na nyumba ikapewa dari ya chini na mabati meusi ya kushika joto. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe.

"Twende nikuonyeshe hicho chumba cha jua," Linet akasema polepole.

Alifungua mlango. Kile kioo kikubwa kilikuwa kimefunikwa kwa blanketi mbili zilizopigiliwa misumari. Hapakuwa na kitanda. "Hatulali huku tangu mwezi wa kwanza baada ya kuhamia. Ukiingia jioni ni kama tanuri la mikate. Tunalala sebuleni, godoro chini, wazee kama sisi."

Mwalimu alileta ramani waliyouziwa. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, mistari imefifia. Pale chini, mahali pa jina la mchoraji, palikatwa kwa makasi, likabandikwa jina lingine. Lakini kando ya jiko, kwa mwandiko mdogo wa mkono, bado paliandikwa: *meza ya Mama, asinyooshe mkono*. Chelangat aliugusa ule mwandiko kwa kidole. Ulikuwa wake.

"Na huu ukuta?" Mwalimu Festus akauliza. Aliuliza taratibu, kama mtu anayejua jibu litamuuma. Alikuwa anaonyesha ukuta mrefu wa jikoni, upande wa kusini, usio na dirisha hata moja. "Huu nao una mwenyewe?"

"Jirani wa Kipketer ana posho mili ya kusagia mahindi. Inanguruma kutoka alfajiri. Nilifunga upande huo kabisa, mama apate utulivu."

Mvua ilikuwa imepungua. Mama Linet alitoka nje, nasi tukamfuata, tukazunguka nyumba tukikanyaga barafu. Nyuma ya ukuta ule hapakuwa na posho mili. Palikuwa na upepo mzuri unaopanda kutoka mtoni, shamba la migomba, na kaburi moja lenye saruji nyeupe.

"Huyo ni Mukhisa," Linet akasema. "Kifungua mimba wetu. Nilimwambia fundi nataka dirisha la jikoni liangalie hapa, nikipika nimwone. Akaniambia haiwezekani, ramani imekataa."

Chelangat alichuchumaa palepale matopeni, akajishika kichwa. Mwalimu Festus alikuwa bado ana ile karatasi mkononi. "Kwa hivyo," akasema, "miaka miwili nimeishi katika nyumba ya mama wa mtu mwingine."

Fundi aliyewauzia ramani na kuwajengea alikuwa Kimotho. Chelangat aliposikia jina hilo alikusanya vijiti vyake, akaniomba nimshushe mjini, alikopanga kulala. Asubuhi iliyofuata alinipigia simu akaniomba nimpeleke kwa Kimotho, kwa sababu hakutaka kwenda peke yake. Nikawasha gari.

Njiani aliniambia kwamba Kimotho si mtu wa mbali. Ndiye aliyejenga nyumba ya Kipketer, miezi tisa, na kila asubuhi Chelangat alikuwa akifika kumweleza kwa nini hili liko hapa na lile liko pale. Kwake alikuwa kama kaka.

Tulimkuta kwenye jengo moja nje ya Kitale, juu ya ngazi. Alipomwona alishuka akitabasamu, akafuta mkono kwenye suruali ili amsalimie.

"Injinia! Sasa? Umepotea bana!"

"Kimotho, umejenga ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Nyumba ya Mama Kipketer."

Nilitegemea akane. Hakukana. Alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza, mkono wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, akarudi tena wa kwanza. Kila kidole kilivyokunjwa, Chelangat alirudi nyuma hatua moja, hata nikamshika mgongo asije akaanguka kwenye mtaro wa msingi.

"Kumi na nne," Kimotho akasema. "Moja iko mpaka Suam. Watu wanaipenda hiyo nyumba, ati wewe hujui tu."

"Zote zina kaunta ya chini?"

"Zote! Mimi sijabadilisha hata inchi moja, Injinia. Naheshimu kazi yako."

Alisema hivyo akiwa ameinua kichwa, kwa fahari. Nadhani hapo ndipo nilipostuka mimi mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mjanja. Mtu huyu alikuwa ameuza kazi ya mwenzake, amekata jina lake kwa makasi, na bado aliamini amemtunzia heshima.

"Siku ya kumwaga zege la slabu mvua ilinyesha," Chelangat akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mama Kipketer alitaka kuona. Ni nani alimbeba mgongoni akavuka matope?"

"Si ni mimi."

"Kwa hivyo ulijua hatembei."

"Nilijua."

"Sasa, Kimotho?"

"Sikufikiria," akasema. "Ramani ni ramani. Nyumba si ni nyumba?"

Chelangat akamweleza kuhusu Mukhisa. Hakumtukana. Alisema tu kilicho nyuma ya ule ukuta, na mama anayepika akiwa ameuelekea. Kimotho alikalia matofali. "Yule mama aliniuliza juu ya dirisha," akasema. "Mara tatu aliniuliza. Nikamwambia ataharibu ramani."

Tukiwa garini nilimwambia Chelangat aende polisi. Mimi ni mfanyabiashara, ningeenda siku hiyohiyo.

"Polisi watakuja kuvunja ule ukuta?" akaniuliza.

Ukuta ulivunjwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na aliyeuvunja alikuwa Kimotho. Alikuja na watu wake wawili bila kuitwa mara ya pili. Mwalimu Festus alimruhusu aingie, ingawa hakumpa mkono. Chelangat alichora mstari kwa chaki mahali dirisha litakapokaa, akamsimamisha Linet mbele yake, akaushusha kidogo, akaupandisha tena. Wakaweka nguzo za kushikilia juu, nyundo zikaanza.

Tofali la kwanza liliangukia nje. Mwanga ukaingia jikoni, duara dogo kama mdomo wa sufuria.

"Ngojeni," Linet akasema.

Wote wakasimama. Aliinama, akaweka uso kwenye lile tundu, vumbi la saruji likimwangukia kwenye kitambaa cha kichwa. Alikaa pale muda mrefu. Kimotho alikuwa ameshika nyundo mbele ya kifua chake, hatazami mtu.

"Endeleeni," Linet akasema, akajipangusa.

Baadaye kaunta ilipandishwa. Kile kioo cha magharibi kilipunguzwa, na nje yake wakajenga kibaraza kipana na kupanda mipasheni itambae juu yake. Dari ilitobolewa matundu ya hewa juu kabisa. Mwalimu na mkewe walirudisha kitanda chumbani. Meko walikataa isivunjwe. Mwalimu alisema magunia yake yameizoea.

Zile nyingine Chelangat alianza kuzitembelea moja moja. Kipketer alipoambiwa alicheka kwanza, kisha akaomba mama yake asielezwe. Huko Kimilili mwenye nyumba alitufungia geti akidhani tunatafuta hela. Huko Suam, kwenye baridi ya mlimani, niliposindikizana naye mwezi wa sita, tulimkuta bibi mmoja, Chemutai, akiota moto mchana kweupe mbele ya meko, chumba chake kimejaa jua, amestarehe kabisa. Kaunta pekee ndiyo ilimsumbua, na alikuwa ameiinua mwenyewe kwa mbao. "Nyumba haina shida," akatuambia. "Nyinyi mna shida gani?"

Tukirudi, tulipita Endebess. Hapo Chelangat akasema jambo ambalo hakuwa amelitaja hata siku moja. Kabla ya kufungua ofisi yake alifanya kazi Eldoret miaka sita, kwa bosi aliyempa ramani moja ya vyumba vitatu. Mteja akija, Chelangat alibadilisha jina na nambari ya ploti. Hakuna aliyeulizwa swali. Hakuna ploti aliyoikanyaga.

"Hizo nilichora kwa mkono wangu, Mulki. Na sikumbuki hata mama mmoja aliyekuwa anapika ndani yake."

Nilipunguza mwendo.

Wiki iliyofuata alifunga ofisi siku mbili akaenda Eldoret na daftari. Aliporudi nilimpigia. Alisema alizunguka mtaa mmoja tu, akahesabu nyumba zake thelathini na moja, halafu akasimama kando ya barabara akashindwa kuendelea. Kisha, kabla sijasema pole, akaniuliza kama upepo wa Kibabii mwezi wa saba huwa unatoka upande gani, kwa sababu alitaka kuja kukaa tena kwenye ploti yangu, siku nzima, kuanzia mwanzo.

Nilimwambia sijui. Nilikuwa nimeishi Bungoma miaka arobaini na sijui. Nikatoka nje ya duka, nikalowesha kidole, nikakiinua juu.