Mguu wa Mbuzi na Kipimajoto cha Ng'ambo

Chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najifunika uso na leso, nikiwa peke yangu jikoni. Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu Manyatta, huku juu mlimani, siku wazazi wa Mwenda walipotoka Meru kuja kunitazama kama nafaa kuolewa na mtoto wao (na Mwenda nilimpenda hadi aibu).

Shangazi alikuwa ameniletea kipimajoto cha jikoni kutoka ng'ambo, kile cha namba zinazowaka, chenye sindano ya kudunga nyama. Karatasi yake ilisema ukitie kwenye maji yanayochemka, kisome mia moja, kisiposoma ubonyeze kitufe mpaka kisome. Basi asubuhi hiyo ukungu umefika mlangoni, maji yakatokota, mvuke ukanizunguka taratibu, nami nimesimama hapo najiona kwangu, mapazia meupe, Mwenda ananiita chai imeiva... kushtuka, namba zinasema tisini na tano. Nikangoja. Tisini na tano. Kumbe hata ng'ambo wanauza vitu vibovu! Nikabonyeza mpaka mia.

Mama akapita. "Wewe, dunga nyama na kisu uone kama inatoa damu."

"Mama, hiyo ni ya zamani."

Mguu wa mbuzi ukaingia kwenye oveni. Namba zilipofika pale karatasi iliposema nyama imeiva, nikautoa, kahawia, unanukia, nikaubeba sebuleni polepole kama bibi harusi. Baba yake Mwenda akapewa kisu. Alikata mara moja tu, maji mekundu yakatiririka mpaka kwenye kitambaa cheupe cha mama. Woi! Mama yake Mwenda akasukuma sahani kando. Nilitamani ule ukungu uingie ndani unibebe.

Nikajitetea mbiombio kwamba kipimajoto kilikuja kibovu, nikakirekebisha mwenyewe. Mzee (nilisahau kabisa alikuwa mwalimu wa sayansi) akaweka kisu chini.

"Binti yangu, huku kwetu mlimani maji huchemka kabla ya kufika mia. Kilikuwa kizima. Wewe ndiye uliyekifundisha kudanganya."

Nyama ikakatwakatwa, ikatiwa sufuriani, tukala saa kumi jioni. Nikajua nimekosa mume. Lakini wakiaga, mama yake Mwenda akanishika mkono: "Utakuja kwetu, mwanangu. Kupika nitakufundisha mimi."

Nililia, aibu na furaha pamoja. Na tangu siku hiyo, chombo kikinipa jibu nisilolipenda, najikagua mimi kwanza.