Matundu Aliyoyapanua Kaka

Sina subira na mtu anayesema mafuta ni mafuta, yatawaka tu. Yakiingia kwenye injini ya roketi yakiwa matone makubwa, hayawaki yote mara moja. Yanatuama pembeni, kisha yanalipuka kwa pamoja na kumuua aliye karibu. Nilimweleza kaka yangu hayo mpaka koo likanikauka, kwa sababu yeye ndiye angefungua valvu.

Kaka ni fundi wa kuchomelea hapa Githongo. Mimi nilikuwa chuoni nikisomea uhandisi, na tulikuwa tunaunda injini ndogo nyuma ya karakana yake. Nilitoboa kisahani cha shaba matundu membamba yanayoelekeana, ili mafuta ya taa na oksijeni vigongane na kupasuka kuwa ukungu. Tulipojaribu kwa maji, ukungu ulitoka laini hata nikacheka peke yangu. Kaka hakucheka.

"Hii inatoa mate tu," alisema. "Itatuaibisha mbele ya watu."

Kwetu, anayepiga dawa kahawa huchokoa tundu la pampu kwa waya, dawa itoke nyingi amalize shamba kabla jua halijawa kali. Karibu kila mtu hufanya hivyo. Asubuhi ya majaribio nilienda kuwaita majirani, nikamwacha kaka peke yake na injini.

Tulijibanza nyuma ya magunia ya mchanga. Mkono wake ukiwa kwenye valvu, aliniinamia.

"Nimekufungulia kidogo hayo mashimo ya mafuta na waya. Ngoja uone moto."

Nilimrukia nimng'oe pale. Alinisukuma nikaanguka, akafungua, akainua kichwa apate kuona vizuri.

Injini ilikohoa, ikanyamaza, kisha ikapasuka. Mabati ya karakana yalipaa, mgomba ulikatika katikati, chuma kikararua gunia lililokuwa mbele ya kifua chake. Nilimwinua akivuja damu masikio yote mawili, nikamtukana kwa Kimeru matusi ambayo mama hakujua ninayajua. Alinitazama mdomo tu. Alitaka moto mkubwa kwa ajili yangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Bado anachomelea. Nikimwita kwa nyuma hageuki. Nazunguka hadi mbele yake, hasira ikiwa palepale, namvua kinyago cha kuchomelea, namwonyesha kwa vidole kwamba chai iko tayari.