Vikombe Viwili vya Mabibo

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilijiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilijisomea bila mwalimu, na usingizi ukanikimbia. Nikikosea swali moja, narudia ukurasa mzima. Kwa hali ile ningefeli tu, kwa hiyo nikatoka nyumbani Nachingwea nikaenda Ruangwa, kwa shangazi yangu wa Mbekenyera, nikatafute utulivu.

Shangazi aliniona nakula ugali huku nimeshika daftari.

"Utalalaje, mwanangu? Msimu wa korosho huu, mabibo yanaoza chini ya mikorosho. Kula matunda jioni."

Kula tu sikuweza. Bibo moja kubwa, jingine dogo, ningepimaje? Nikawa nakamua mabibo asubuhi, nafunika ndoo, na jioni nakunywa vikombe viwili kamili. Kwenye daftari naandika: nimekunywa, nimelala. Siku tano mfululizo nililala fofofo. Nikajiona mtafiti.

Siku ya sita shangazi alifunua ndoo, akanusa.

"We! Hii umekamua saa ngapi?"

"Asubuhi, shangazi."

"Toka asubuhi, na joto hili? Huu ni uraka huu!" Alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Nyumbani kwangu haijawahi kuingia pombe, leo msomi wetu analewa kwa vipimo!"

Nakiri, uraka, ile pombe ya mabibo, niliujua. Nilidhani tu kwamba lazima awepo mpishi wa pombe ndipo juisi ya mabibo ichachuke.

Nikashika ukurasa ule niuchane, maana kwangu ukurasa wenye kosa hukaa si zaidi ya dakika moja. Mkono ukagoma. Nikaandika pembeni ya zile siku tano: uraka. Kisha nikaanza upya, kwa mabibo yaliyookotwa jioni ile ile, au kipande cha papai, nikitafuna bila kupima.

Usingizi haukuja mara moja. Ulikuja polepole, na nikiamka kichwa chepesi. Ni matunda, au ni kule kuacha kupima? Nikaandika hivyo hivyo: sijui.

Mtihani niliufanya nikiwa nimelala vizuri, nikafaulu. Cheti kimo kwenye bahasha, juu ya kabati. Daftari liko mezani, na mgeni akiniuliza nilisomaje peke yangu, namfungulia kwanza ukurasa wa uraka.