Chupa ya Mafuta Mbele ya Kanga ya Mama

Mdogo wangu wa kike anasoma mambo ya anga, mimi nauza mafuta ya alizeti barabarani Misigiri. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, hatujakubaliana mpaka leo. Ndiyo maana nilishangaa aliponipigia simu kuomba msaada wa masomo.

Alikuwa amepata nafasi ya kwenda nje kuendelea. Shida baba. Kwetu huanzi safari ndefu kabla mzee hajakupulizia maji kifuani, na mzee aligoma. Alisema hawezi kubariki kitu asichokielewa. Kauza ng'ombe kumsomesha, halafu akiuliza unafanya nini huko chuoni, anajibiwa nusu Kiingereza.

"Kaka, njoo na chupa moja ya mafuta," aliniambia. "Iwe angavu."

Mimi kwa upendo nikaona baba hawezi kuletewa mafuta ya wateja. Nikakinga yaliyotoka mashineni asubuhi ileile, hayajachujwa, yale yenye harufu tunayopenda kuungia mlenda. Basi mpaka mjini, bodaboda mpaka Ilongero, nimeyakumbatia kama mtoto mchanga.

Niliwakuta wazazi na mdogo wangu uani wanapepeta alizeti. Nikatoa shikamoo zangu. Mdogo wangu akatundika ukutani kanga ya mama, ile ya madoadoa.

"Baba, chukulia hii kanga ni mwanga wa zamani kuliko nyota zote. Umejaa anga nzima, una madoa, hapa joto kidogo, pale baridi kidogo. Ukija kwetu unapita kwenye vitu vizito, vingine havionekani kabisa. Chupa ya kaka ndiyo iwe hivyo vitu vizito. Huko hakuna chupa, uzito wenyewe ndio unaupinda mwanga. Kaka, weka chupa mbele."

Nikaweka. Baba akafumba jicho moja.

"Sioni madoa. Sioni hata kanga."

Mafuta yalikuwa mazito kama uji wa ulezi. Mdogo wangu aliniangalia vile ambavyo hata mwalimu wa hesabu hakuwahi kuniangalia. Nikajitetea kwamba si amesema vitu vyenyewe havionekani, basi jaribio limefaulu. Baba akaniambia ninyamaze.

Mama akaingia jikoni, akatoka na chupa niliyowaletea mwezi uliopita, imetulia, safi. Baba akaipokea, akaigeuza na kuiinua kwenye mwanga, kama mtu yeyote wa huku anavyokagua mafuta. Safari hii nyuma yake kulikuwa na kanga. Akaishusha, akaiinua tena.

"Madoa yamevutika."

"Kama usingeiona chupa, ungejua kuna kitu hapo?"

"Ningejua. Kanga haichapwi hivi."

"Ndiyo kazi yangu hiyo, baba. Doa moja linaweza kukudanganya, kwa hiyo tunaangalia mengi sana, halafu tunachora ramani, huo uzito uko wapi."

Baba akaiinua chupa mara ya tatu.

"Hiyo ramani imeisha?"

"Bado. Ndiyo nataka niende."

Akaomba kikombe cha maji. Mdogo wangu akapiga magoti. Baba akampulizia kifuani.

"Nenda mwanangu. Ukirudi utanionyesha mlipofikia."

Mimi nilikuwa nafuta macho kwa pembe ya kanga. Baba akanigeukia.

"Na wewe, rudi kachuje mafuta."