Mwaka Walipomwambia Mama Atulie

Jirani yangu hapa Mbeya bado anapikia kuni, ingawa wanawe walimnunulia jiko la gesi na yeye akaliweka sebuleni kama pambo. Asubuhi akipasua gogo la mwati, ule mti ambao gome lake hutengenezea ngozi, harufu inavuka uzio na kunifikia hadi jikoni. Ni harufu ya gome bichi, kali kidogo, inayokausha ulimi kama chai iliyokaa sana kwenye majani yake. Ikinifikia, mimi huacha ninachofanya, hata kama ni mchicha unaungua. Hunirudisha kwetu Kilolo, kwenye milima ya Iringa, kwenye baridi na ukungu wa miaka ya hamsini, mwaka ule ambao kila mtu alimwambia mama yangu atulie.

Mimi ni Yustina, mtoto wake wa kwanza. Wakati huo nilikuwa nang'oka meno ya mbele na kazi yangu ilikuwa kuchunga mbuzi. Baba alikuwa amekwenda Makongolosi kutafuta dhahabu, kama wanaume wengi wa kwetu walivyofanya. Wengine walirudi na baiskeli, wengine walirudi na kikohozi. Baba hakurudi. Shimo liliporomoka akiwa ndani, wakamzika huko huko, na mwenzake mmoja ndiye aliyetuletea habari pamoja na koti lake.

Mama, jina lake Leokadia, alilia kama desturi ilivyotaka, na akapitiliza. Lakini matanga yalipokwisha na watu wakaondoka na masufuria yao, alizunguka nyuma ya nyumba, akachukua shoka la Baba na kuanza kupasua magogo. Kwetu mwanamke aliokota matawi makavu msituni. Shoka na gogo vilikuwa vya wanaume. Bibi, mama yake Baba, aliyeishi nyumba ya pili uani, alitoka na kumkemea.

"Leokadia, watu watasema nini?"

"Watasema kwetu kuni zipo, mama," alijibu, na akainua shoka tena.

Nilianza kuzijua hali zake kama mtu anavyojua dalili za mvua. Likimfika jambo dogo, alijimiminia uji wa moto, akaenda kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akalishika bakuli kwa mikono yote miwili bila kunywa. Hakutaka kusemeshwa. Mikono ikiacha kutetemeka ndipo alipokunywa, na mara nyingi uji wenyewe ulikuwa umeshapoa na kufanya ngozi juu. Jambo likiwa kubwa kidogo, alikusanya vyungu na masufuria yote, hata yaliyokuwa safi, akaenda kuyasugua mtoni kwa majivu na mchanga. Sufuria moja aliisugua mpaka ikatoboka, maskini.

Jambo likiwa kubwa kabisa, lilikuwa la shoka. Hapo aliimba. Aliimba nyimbo za misa kwa Kilatini asichokielewa, kwa sauti ya juu, na shoka likishuka mahali ambapo kinanda kingepaswa kulia. Rundo la kuni lilipanda mpaka likafika chini ya paa. Wapita njia walisimama na kuuliza kama tunataka kuchoma matofali.

Na mimi nilikuwa na mambo yangu. Tumbo liliniuma kila jua lilipoanza kushuka, na mkeka wangu ulikuwa haukauki. Niliogopa kwamba Mama naye angekwenda mahali asirudi. Sikusema, lakini mkeka ulisema. Mama hakunigombeza. Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, alinishika mkono tukaenda mtoni, akaniambia nichovye uso wote majini. Yale maji yalikuwa ya baridi hata meno yaliyobaki yaliniuma.

"Sasa pumua mpaka tumbo lijae," alisema. "Lijae kama la mbuzi aliyeingia kwenye maharage ya watu."

Nikacheka, nikavuta pumzi.

"Itoe polepole. Usiisukume. Halafu shika kitu kigumu. Shika hata jiwe hilo. Lile unalotaka kusema, lisemee moyoni kwanza mpaka liache kutikisika, ndipo ulitoe."

Tulifanya hivyo asubuhi nyingi. Mkeka ukaanza kukauka.

Baba mdogo Severini alikuwa mdogo wake Baba wa tumbo moja. Aliishi bondeni na mke wake wa ndoa ya kanisani. Simsemi kwa ubaya. Ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani siku za sikukuu, na alijua kutengeneza filimbi za mwanzi. Lakini Baba alipokufa, alianza kulitazama shamba letu la juu, lile lenye udongo mweusi, na alimtazama Mama vilevile. Kanisa lisingemruhusu kuongeza mke, kwa hiyo hakuliita jambo hilo kurithi. Aliliita kumtunza shemeji. Kila mtu pale kijijini alijua kutunza kwenyewe ni kupi.

Ujumbe ukaanza kuja. Alikuja mke wa katekista, wakaja wanawake tuliosali nao, wakaja shangazi. Wote walileta neno moja. Tulia, mama Yustina. Tulia, ukoo unajua. Hebu tulia, akili ya mjane haijakaa sawa. Nililisikia neno hilo mara nyingi hata nikadhani ndilo jina jipya la Mama. Wakiondoka, yeye alikwenda kwenye magogo.

Halafu ikaja Jumapili ya kikao. Baada ya ibada walipanda kwetu: Baba mdogo Severini na wazee wa ukoo, wakiongozwa na Mzee Matei, aliyekuwa na sauti ya polepole kama mtu anayevuta gogo. Walikaa uani kwenye vigoda. Bibi aliwaletea kibuyu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi ambayo bila yake hapakuwa na kikao. Mama alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mdogo wangu mchanga akinyonya. Mimi nilisimama nyuma yake.

"Kamwene, mama Yustina," Mzee Matei alianza kwa salamu ya heshima ya kwetu. Akazungumza habari za marehemu, akazungumza habari za mvua, kisha akafika kwenye jambo lenyewe. "Tumeona utunzwe na Severini. Shamba la juu ataliangalia yeye. Wewe na watoto mtashuka bondeni. Hayo mambo tumeshamaliza sisi, tumekuja kukuambia tu."

Mama alifungua mdomo. Sauti ikakwama.

"Unaona?" alisema Baba mdogo kwa upole kabisa. "Ndiyo maana tunasema tulia, shemeji. Usijisumbue. Tutakuamulia."

Mama alinipa mtoto. Akainuka bila kuaga, akazunguka nyumba, na tukasikia shoka. Wazee walitazamana. Kilatini kikaanza, kikapanda, kikapita juu ya paa. Mzee Matei aliinua kikombe chake, akakishusha bila kunywa. Hakuna aliyejua la kufanya, maana hapakuwa na mila inayoeleza wazee wafanye nini mwanamke akiondoka kikaoni kwenda kuimba. Wakasubiri. Mtoto akalala mikononi mwangu.

Shoka likanyamaza. Tukasikia maji yakimwagwa. Mama akarudi, uso na mikono vimelowa, kitambaa amekifunga upya. Shoka alikuwa ameliacha limekwama kwenye gogo, asije mtu akasema aliwatishia. Hakukaa. Alisimama mbele yao, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayewaambia chakula kiko tayari.

"Mmeniambia nitulie tangu mwezi wa matanga. Leo nimetulia, nisikilizeni. Sitashuka bondeni. Sitatunzwa na Severini, ana mke wake, na mke wake ni rafiki yangu. Shamba la juu tulilivunja mimi na marehemu, mmoja akiwa na jembe na mwingine na mtoto mgongoni. Nitalilima."

Mzee Matei alikohoa. "Watoto ni wa ukoo, mama. Ukikataa ukoo, unarudi kwenu peke yako."

"Watoto ni wa ukoo, ndiyo. Na ukoo utawakuta hapa, kwa mama yao."

Hapo ndipo Baba mdogo alipoinuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haya, na nadhani hiyo ni mbaya zaidi kwa mwanaume mbele ya wazee wake. Alikuja mpaka mlangoni, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akampa Mama, kisha akanishika kiganja.

"Yustina, twende. Mama mdogo amepika."

Ninyi mnaosoma haya mnajua jinsi mtoto wa siku zile alivyokuwa mbele ya baba mdogo. Hakukuwa na kubisha. Kwa mkono uliobaki nilishika mwimo wa mlango, mti mgumu wenye mafundo, nikavuta pumzi mpaka tumbo likajaa. Nikaitoa polepole. Neno lilikuwa linatikisika moyoni, nikalingoja.

"Siendi, baba mdogo," nikasema. "Shikamoo, lakini siendi."

Ile shikamoo iliyokaa mahali pasipo pake ilimfanya mzee mmoja acheke, akajificha kwenye kikombe. Baba mdogo alibaki amenishika, hajui anivute au aniachie. Na kabla hajaamua, Bibi alitoka jikoni kwake. Alikwenda moja kwa moja katikati ya kikao, akainama, akabeba kibuyu cha ulanzi.

"Pombe imekwisha," alisema.

Wote tulisikia ikicheza ndani ya kibuyu alipokuwa akiondoka nayo. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Bibi mwenyewe alirithiwa akiwa kijana, na hakuwahi kuulizwa. Wazee waliokota fimbo zao. Baba mdogo akaniachia mkono.

Msidhani tulishangilia. Ukoo ulichukua mbuzi wote na ile mianzi ya bondeni, na kwa miaka mingi Baba mdogo alipita njia nyingine. Tulikula viazi bila chumvi. Wanawake waliokuwa wakimwambia Mama atulie sasa walisema ana kiburi. Lakini shamba lilibaki, na lile rundo la kuni lilitulisha msimu mzima wa baridi, maana walimu na waokaji mikate walikuja kununua. Na kwa kuwa mbuzi wa kuchunga hawakuwapo tena, Mama alinipeleka shule.

Utotoni niliamini kwamba Mama alikuwa akifukuza hasira. Nilidhani uji, mto na shoka vilikuwa dawa ya kuisahau shida. Nilielewa nikiwa mtu mzima, siku nilipokaa mbele ya wakwe zangu mwenyewe, nikaambiwa kwa sauti tamu kwamba nitulie. Hasira ya Mama haikuwa imekwenda popote. Alikuwa anaiondolea kutetemeka tu. Wao walitaka atulie ili anyamaze, yeye akatulia ili asikike.

Miaka yake ya mwisho aliishi kwangu hapa Mbeya. Muuguzi kijana aliyekuwa akija kumpima presha alimpenda sana, akasema hajaona bibi mpole kama huyu. Siku moja alimuuliza, "Bibi, enzi zenu mlifanyaje na msongo wa mawazo?"

Mama alinitazama nimfafanulie. Nikamwambia ni pale mambo yanapokubana mpaka usipate pumzi. Alifikiri kidogo, mkono wake ukiwa bado umefungwa kile kitambaa cha kupimia.

"Tulipumua kwanza," alisema. "Halafu tukakataa."

Muuguzi akacheka, akidhani ni utani wa kizee. Mimi sikucheka.