Gari Lililopata Chaji Ubaruku

Nimefundisha fizikia kwa miaka kumi na minane, na kazi yangu ilikuwa kuwaambia watoto wa watu kwamba kila kitu kina sababu inayopimika. Kwa hiyo elewa ninavyojisikia ninapoandika haya. Hayakutokea usiku, sikuwa nimekunywa, wala sikuwa nimelala. Ilikuwa saa nane mchana, jua likiwaka, na mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwa mtu aliyeyafanya. Ukipenda usiamini, ningekuwa wewe nisingeamini. Lakini nyumba yangu ya Mlandege si yangu tena, na hilo halihitaji imani ya mtu yeyote.

Shule binafsi niliyokuwa nikifundishia Iringa ilipopunguza walimu, nilibaki na hati ya nyumba na mawazo mengi. Ndipo nikasikia kwamba Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, kuna mjane anauza gari la umeme lililotumika, mali ya marehemu mumewe aliyekuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Nikapiga hesabu: teksi isiyonywa petroli, safari fupifupi za mjini. Nikaweka hati rehani kwa wakopeshaji wale tunaowaita kausha damu, wenye marejesho ya kila wiki, nikaondoka na milioni kumi.

Mjane huyo, Mama Zuhura, alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo tulizungumza akiwa nyuma ya pazia la mlango. Mumewe alikuwa na siku tisa kaburini.

"Mwalimu, subiri arobaini," alisema. "Shemeji zangu watakuja. Kwetu sisi, vitu vya marehemu hutolewa uani, kila kimoja kikatajwa mbele ya ndugu ndipo kikatoka. Siku hiyo tutalitaja na gari, utalichukua bila kinyongo cha mtu."

"Mama, betri ya gari kama hili ikikaa bila kazi hufa," nilimjibu kwa sauti yangu ya darasani. "Ukingoja arobaini utauza bati."

Niseme ukweli? Nilijua kwamba mwezi mmoja hauui betri. Niliogopa tu kwamba ndugu wakija bei itapanda. Nikapitisha fedha chini ya pazia, na mkono ukatokea ukiwa na ufunguo.

Wiki mbili za kwanza niliishi kama mfalme. Gari lilikwenda kimya, abiria walilisifu, marejesho nililipa. Wiki ya tatu likazimika katikati ya mlima wa Ipogolo huku taa zote za dashibodi zikiwaka kwa pamoja. Fundi wa kwanza alibadilisha betri ndogo, laki mbili na themanini. Likawaka siku moja. Fundi wa pili akasema ni kifaa cha kuchajia. Nikauza kabati na televisheni, akakibadilisha, likakataa hata kupokea chaji. Nikalipandisha kwenye lori la Fuso hadi Mbeya, kwa fundi anayesifika kwa magari ya umeme. Alichomeka kompyuta yake, akatazama, akaguna.

"Kaka, betri kubwa imekwisha. Milioni saba na nusu, na hapo mimi bado sijala."

"Hakuna namna nyingine?"

"Ipo. Lifugie kuku."

Wafanyakazi wake walicheka. Nami nilicheka, maana ningefanya nini? Nilikuwa nimekosa marejesho mawili. Wakopeshaji walikwisha kufika nyumbani, wakapima vyumba kwa utepe mke wangu akiwa anapika, wakamwambia kwamba wakikosa la tatu, nyumba inauzwa.

Dereva wa Fuso alikuwa akienda Ubaruku kuchukua mchele kabla ya kurudi Iringa. "Mwalimu," alinitania njiani, "gari lako limepanda gari mara nyingi kuliko watu walivyolipanda lenyewe." Mimi niliwaza jambo moja tu: marehemu alilitengenezaje? Nikamwomba alishushe kwenye uwanja wa mashine ile ya mpunga, nikaenda kwa Mama Zuhura. Alinisikiliza akiwa nyuma ya pazia lilelile.

"Alikuwa akilitengeneza mwenyewe," alisema. "Vyombo vyake vimo ndani ya jengo la mashine. Chukua ufunguo wa kufuli, katafute kitakachokufaa."

Niliporudi uwanjani, mlango wa jengo ulikuwa wazi na mashine ilikuwa ikinguruma. Nikafikiri labda kuna mfanyakazi mwenye ufunguo wake. Mwanamume mfupi alikuwa amekwisha kufungua boneti ya gari langu. Alikuwa mweupe kwa pumba kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, hata kope, na hakujifuta. Nilimsalimu. Hakujibu salamu.

"Limekusumbua," alisema.

"Limenimaliza, ndugu yangu."

Alitia mikono yote miwili katikati ya zile nyaya nene za rangi ya chungwa. Mikono mitupu! Kwa mara ya kwanza siku hiyo niliyasahau matatizo yangu, nikapiga kelele: "Toa mikono! Huo ni umeme wa volti zaidi ya mia tatu, utakuua!"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. "Hilo lisikusumbue," akasema.

Kisha akavuta waya wa kuchajia, akauchomeka ukutani, na taa yake ndogo ya kijani ikawaka. Kioo cha dashibodi kikaanza kuhesabu asilimia: kumi, ishirini, arobaini, haraka kuliko chaja yoyote ninayoijua. Nilikaa chini kwenye magunia. Sioni aibu kusema kwamba nililia.

"Nikulipe nini?" nilimwuliza.

"Jumamosi ni arobaini. Lilete asubuhi, lisimame uani na vile vingine. Likishatajwa mbele ya ndugu ni lako, hakuna atakayekunyang'anya. Mimi nitalishikilia hadi siku hiyo tu."

Akaingia ndani kwenye mashine yake. Chaji ilipojaa nilichomoa waya, nikaenda kurudisha ufunguo na kushukuru. "Yule fundi wako ni mtu na nusu," nilimwambia Mama Zuhura. "Na mashine inakwenda vizuri."

Pazia likatikisika. "Mashine ipi, mwalimu? Umeme ulikatwa wiki ileile ya msiba, na mita wakaing'oa. Hapo hajaingia mtu tangu baba Zuhura afariki. Na ufunguo ndio huo ulio nao."

Ni kweli, niliuangalia mkononi mwangu. Sikuwa nimeutumia. Nilirudi mbio. Uwanja ulikuwa kimya. Mlango umefungwa, kufuli limeshika vumbi. Nilichungulia dirishani: mashine imefunikwa turubai, na mahali pa mita palikuwa na nyaya mbili zilizokatwa. Gari lilikuwa likinisubiri, asilimia mia moja.

Ubaruku hadi Iringa ni safari ambayo gari lile, hata lilipokuwa jipya, lisingeimaliza bila kuchajiwa njiani. Nilifika Mlandege jioni kioo kikisoma asilimia mia moja. Nilimweleza mke wangu yote. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Alisema tu, "Baba Neema, Jumamosi umpelekee mwenye gari gari lake likatajwe."

Lakini Ijumaa walikuja watu wa harusi wakitaka gari la bibi harusi, Jumamosi, laki tatu taslimu. Rejesho la tatu lilikuwa Jumamosi hiyohiyo. Ningefanyaje? Isitoshe, moyoni niliogopa: je, ndugu wakiliona uani wakasema hatuliuzi? Nilijiambia kwamba nitakwenda wiki ijayo, kwamba marehemu ataelewa. Mke wangu alinitazama nikifunga maua kwenye boneti, asinisaidie.

Saa nane kamili, mbele ya ukumbi, bibi harusi na msimamizi wake wakiwa kiti cha nyuma, gari lilizimika. Kisha matundu ya hewa yakaanza kutoa pumba. Niamini. Pumba nyeupe, laini, zenye joto, zikamwagika juu ya shela kana kwamba kuna mtu anayepeta mpunga ndani ya dashibodi. Bibi harusi alitoka akipiga chafya na kulia. Akamaliziwa safari kwa bajaji. "Kumbe gari linakula mpunga!" mtu alipaza sauti, umati ukaangua kicheko. Laki tatu sikuiona. Jumatatu yake wakopeshaji walileta mnunuzi.

Nilimwita fundi wa Mbeya alitazame gari kwa mara ya mwisho. Alilala chini, akatoka amekunja uso. "Kaka, uliniambia kuna mtu alilitengeneza. Boksi la betri halijawahi kufunguliwa. Na hii betri imekufa zamani. Lilikuwa linatembea na nini?"

Nilikwenda Ubaruku kwa basi, nikamkuta kaka wa marehemu. Nilimpigia magoti, mtu mzima mimi, nikamwomba alitaje gari hata kwa kuchelewa. Alininyanyua kwa heshima.

"Tulikusubiri, mwalimu. Shemeji alitueleza, tukaacha nafasi uani mpaka saa nane. Tulikuwa tumekubaliana wote kukupa. Sasa watu wametawanyika, na vitu vya marehemu vimeshatajwa vyote na kutolewa. Hilo la kwako hatuna la kulifanya."

Wote walikuwa wamekubaliana kunipa. Hayo ndiyo maneno ninayolala nayo.

Sasa tumepanga vyumba viwili. Gari nililiuza kama chuma chakavu, ila waya wa kuchajia hakuna aliyeutaka, nikautundika msumarini, mbali na soketi yoyote. Kila siku saa nane mchana taa yake ya kijani huwaka, ikakaa kidogo, ikazimika. Binti yetu Neema akiiona hutoka nje. Niliutupa jalalani mara mbili, na mara mbili nimeukuta msumarini.

Ewe unayetafuta gari la bei nafuu, kagua betri, sawa, kagua nyaya. Lakini kwanza uliza ni la nani, na kama yuko chini ya udongo, uliza siku ngapi. Ukiambiwa subiri, subiri. Usimfanyie mjane hesabu za darasani kupitia pazia, kama nilivyofanya mimi. Sasa hivi ninapomaliza kuandika imebaki dakika chache kufika saa nane, na mke wangu amekwisha kugeuza kiti chake asiutazame ukuta.