Orodha Isiyokuwa na Mwazye

Bertha ana cherehani mbili barazani kwake. Moja anashonea, nyingine ni mbovu, haiuzi kwa sababu ilikuwa ya mama yake. Amekaa mtaani kwetu Katandala miaka kumi na tisa, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na katika miaka hiyo yote sikumbuki kumwona akitembea kwa haraka. Aliolewa kutoka kijiji cha Mwazye akiwa msichana, mume akafariki mapema, mtoto hakujaliwa. Akicheka, anacheka kwa sauti ya chini kama mtu anayekohoa. Nimeanza na haya ili nimtendee haki, kwa sababu mengine ninayoyajua juu yake niliyaona nikiwa na wivu, na mtu mwenye wivu anaona vizuri sana lakini anaona upande mmoja.

Wivu wenyewe ulianzia kwa binti yangu. Edith alirudi kutoka chuo na cheti chake cha kompyuta, akakaa nyumbani miezi minane bila kazi. Sitasema uongo, miezi ile niliipenda. Asubuhi tulichambua maharage pamoja, mchana akamwogesha bibi yake, mama yangu mzazi, niliyekuwa nimemleta kutoka kijijini kwetu Kate baada ya miguu kumkataa. Nilizoea kusikia sauti ya Edith ndani ya nyumba. Nikawa naogopa siku atakayopata kazi.

Haikuwa kazi iliyomtoa. Ilikuwa fomu.

Sisi akina mama tuna kikundi cha kusaidiana misibani, na mimi ndiye katibu wake tangu kianze. Tuna kanuni yetu moja. Anayefiwa, wa kwanza kuingia jikoni kwake ni mwenzake wa kijiji alikozaliwa. Wengi wetu tumeolewa hapa mjini, tumetoka Nkasi, Kalambo, wengine bondeni. Mtu wa kwenu anajua kwenu mnalia vipi, mnaanza kupika nini, nani apigiwe simu kabla ya nani. Yeye ndiye anayewasha moto na kukaa ubavuni mwako mpaka mazishi yapite. Wengine wanamfuata. Kwa hiyo daftari langu lilikuwa na majina, na mbele ya kila jina kijiji. Tulianza watu kumi na wanne. Tulipofika tisini na sita, mwenyekiti wetu Luciana akasema, "Mama Edith, daftari lako limekuwa kama mkate uliolowa. Mwambie mtoto atutengenezee kitu kwenye simu."

Edith akafurahi. Akanieleza kwamba kuna mahali kwenye mtandao mtu anaweza kujenga programu bila kuandika yale maandishi ya wataalamu. Unavuta kisanduku, unakiweka unapotaka, unakipa jina. Kisanduku cha jina, kisanduku cha namba ya simu, kisanduku cha kijiji. Nilimwona akivuta na kupanga kama mtu anayepanga vyombo kabatini, na nikafikiri, kumbe ni kazi ya kukaa hapa mezani kwangu.

Lakini mezani kwangu mtandao unakuja na kuondoka. Barazani kwa Bertha haukatiki. Siku ya pili Edith akabeba kompyuta akaenda huko, na siku ya tatu, na ya nne. Alikuwa anarudi jioni ananukia mafuta ya cherehani.

Nikaanza kuishiwa chumvi. Kila siku naishiwa chumvi, na duka la chumvi liko ng'ambo ya nyumba ya Bertha. Napita taratibu, natazama. Siku moja nikawakuta wameinamisha vichwa pamoja juu ya kompyuta.

"Mama mdogo, ona wanavyonijazia," Edith alikuwa anasema. "Nimewapa fomu watu watano waijaribu. Nimeuliza kijiji. Mmoja kaandika Nkasi, hiyo ni wilaya. Mwingine kaandika 'nyumbani'. Huyu kaandika 'kwa baba'."

Mama mdogo. Mimi sina mdogo wangu wa kike.

"Usimwachie mtu nafasi ya kuandika," Bertha akasema. Akaelekeza mkasi ukutani, kwenye bango lake la mishono. "Zamani nilikuwa nawauliza wateja, unataka gauni la namna gani? Wananieleza mpaka moto wa pasi unazimika. Nikabandika zile picha. Sasa anagusa moja, tunamaliza. Nawe wape vya kugusa."

"Orodha," Edith akasema. "Anabonyeza, majina yanashuka, anachagua."

"Basi. Shikamoo hujasema, mama yako huyo anapita."

Edith akainua kichwa. "Mama, chumvi tena?"

Wakacheka. Wakanikaribisha, nikakaa kwenye benchi pamoja na wateja wawili. Edith akachukua chupa ya chai. Akammiminia kila mteja, akanimiminia mimi, halafu mwisho kabisa akajimiminia yeye na Bertha. Kwetu mgeni ndiye anayemiminiwa kwanza, wenye nyumba wanapata kilichobaki. Nikashika kikombe changu, kimejaa mpaka juu, na sikuweza kukimaliza.

Jioni ile Edith aliketi karibu yangu jikoni, kompyuta mapajani. "Mama, leo nakuhitaji wewe. Nitajie vijiji. Wewe ndiye mwenye daftari."

Nilikwenda kulichukua mbio. Nikaanza kumsomea: Kate, Chala, Laela, Mpui, Matai, Muze. Yeye anaandika, kila kijiji mstari wake.

"Na asiyekikuta cha kwake?" nikauliza.

"Hatapita. Nimeweka kwamba kisanduku hiki lazima kijazwe, fomu haiendi bila hicho. Ndiyo maana nataka unitajie vyote, usiache hata kimoja."

Nikafunua ukurasa. Katikati yake kulikuwa na Mwazye, mara moja tu katika daftari zima, mbele ya jina la Bertha. Hakuna mwingine kwetu aliyetoka huko. Edith hakujua. Kwake yeye Bertha alikuwa mama wa cherehani, basi. Nilitazama neno lile mpaka binti yangu akainua macho na kuniuliza kama taa inatosha. Nikasema inatosha. Nikasoma kijiji kilichofuata, na kilichofuata, nikafunga daftari.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Nilitaka nini? Nilitaka kwa mara moja Bertha asimame mbele ya kitu cha Edith na akikute hakina nafasi yake. Nilitaka fomu imkatae.

Siku ya kujiandikisha ilikuwa Jumapili baada ya misa, uani kwa Luciana. Upepo wa Juni ulikuwa unapita, tumejifunika vitenge juu ya sweta. Edith alipita na simu mbili, kila mama anajijazia. Mimi nilikaa mahali ambapo ningeuona uso wa Bertha.

Akaandika jina. Akaandika namba. Kidole kikafika kwenye kijiji, orodha ikashuka. Akaisoma mpaka chini. Akarudi juu. Akashuka tena, polepole, kama anatafuta sindano iliyoanguka.

"Bertha, unatafuta mume humo?" Luciana akamwuliza.

"Natafuta mwenye ng'ombe," akajibu, na wanawake wakacheka.

Angesema tu, "Edith, kijiji changu hakipo," mambo yangeishia pale. Hakusema. Alimtazama Edith, aliyekuwa anamwonyesha mama mwingine jinsi ya kubonyeza, uso wake umechangamka kama mtu aliyeanza kazi yake ya kwanza. Halafu akanitazama mimi. Hakunikasirikia. Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa pungufu. Kisha akagusa kitu, akamrudishia Edith simu.

"Imepita?" Edith akauliza.

"Imepita, mwanangu. Umetengeneza vizuri."

Usiku sikufikiri kitu kingine. Kesho yake nikamwomba Edith anionyeshe watu wa Kate. Tulikuwa watatu, mimi na Fortunata na dada mmoja anayeuza dagaa. Sasa tulikuwa wanne. Wa nne alikuwa Bertha. Edith hakushangaa. "Kumbe mama mdogo ni wa kwenu," akasema. "Hukuniambia." Nikamwambia sufuria inaungua, nikatoka nje.

Kuanzia siku hiyo niliishi kwa hofu. Kila Edith alipochukua kompyuta kwenda kule nilijua leo ndiyo leo, leo ataambiwa. Nilimchunguza anaporudi: amesalimia vipi, ameweka viatu wapi. Hakuna kilichobadilika. Bertha alikuwa amekaa na siri yangu kama anavyokaa na nguo ya mteja asiyekuja kuchukua. Hilo nalo likaniudhi. Hata kosa langu lilikuwa limehamia barazani kwake.

Mama yangu alifariki mwishoni mwa Julai, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Edith. Edith alilia, halafu akafuta macho, akafungua fomu ya msiba, akachagua jina langu. Programu ilijengwa hivyo: ukichagua jina la mfiwa, ujumbe unakwenda kwanza kwa watu wa kijiji chake. Fortunata alikuwa Kate kwenye mavuno. Dada wa dagaa alikuwa amelazwa. Kwa hiyo nilipokaa sakafuni na kusikia mlango wa uani unafunguliwa, nilijua ni nani kabla sijainua kichwa.

Alikuwa anatembea haraka.

Hakuniambia pole. Alichuchumaa mbele yangu, kuni kwapani. "Cornelia," akaniita kwa jina langu, ambalo hakuna mtu mtaani analitumia, "mimi Kate nimepita kwa basi tu. Niambie mnaanza na nini."

"Uji wa ulezi," nikasema. "Bila sukari. Wa kwanza anapewa mdogo wa marehemu."

"Mdogo wa marehemu nani?"

"Mjomba Kasmir. Yuko njiani."

"Chungu au sufuria?"

"Chungu. Kiko nyuma ya pipa."

Akaenda. Nikamsikia akipuliza moto. Kila baada ya muda anarudi mlangoni na swali: vitenge vya kulalia vitandikwe upande gani, nani asikae karibu na nani. Aliyatenda yote kama nilivyomwambia. Walipofika akina Luciana na wengine walikuta moto umewaka na mimi nimeshanawishwa uso. Tulimpeleka mama Kate siku iliyofuata, na Bertha alikuwa kando yangu ndani ya gari, na kando yangu kaburini. Mjomba Kasmir alipouliza huyu ni wa ukoo gani wa hapa, Bertha akajibu, "Nimeandikwa tu, shikamoo."

Tuliporudi mjini Edith alituwekea chai chini ya mti wa parachichi. Akamwambia, "Mama mdogo, sasa niambie ukweli. Jibu gani lile ulilompa babu? Wewe si wa Kate?"

Bertha akapuliza chai ambayo haikuwa ya moto. "Nilibonyeza vibaya. Vidole vya fundi hivi, vimezoea kitambaa."

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Ningenyamaza, ningetoka. Na hapo ndipo niliposhindwa, kwa sababu niliona Edith anamtabasamia, anamsamehe kosa ambalo hakulifanya, na hata huo msamaha nikauonea wivu.

"Hakubonyeza vibaya," nikasema. "Ni wa Mwazye. Mimi nilikiruka kijiji chake ulipokuwa unaandika. Nilikiona, nikakiruka."

"Uliruka kwa bahati mbaya," Edith akasema.

"Sikuruka kwa bahati mbaya."

Edith akaweka chupa chini. Alitazama kikombe changu, si uso wangu. "Siku ile nilikuuliza kama taa inatosha," akasema.

Akaingia ndani akarudi na kompyuta. Akaifungua mahali pa kutengenezea, akaleta ile orodha ya vijiji, mistari yote, na chini yake mstari mmoja mtupu. Akaisukuma mbele yangu. "Andika mwenyewe."

Mimi niliishia darasa la sita. Nilitafuta herufi moja moja, zimetawanyika hovyo kwenye mashine ile. Hakuna aliyenisaidia. Nilipomaliza, Edith akanionyesha pa kubonyeza ili ihifadhiwe, nikabonyeza.

"Haya, mama mdogo, jihamishe," akasema.

"Mniache kwanza," Bertha akajibu. "Mwazye niko peke yangu, nikifiwa nani atakuja? Kate angalau kuna huyu." Akanielekezea kidevu. Akacheka kile kicheko cha kukohoa.

Wiki mbili zilizofuata Edith hakunikosea adabu hata mara moja. Alinisalimia, alinipikia. Lakini kila asubuhi alinimiminia chai mimi kwanza, kikombe kimejaa mpaka juu, kwa mikono miwili, kama anavyomiminiwa mgeni. Mume wangu Adolfu alidhani ni heshima ya msiba. Mimi nilijua ni nini, nikanywa.

Jumamosi moja Bertha alikuja na gauni langu jeusi alilokuwa amelipunguza kiunoni, maana nilikuwa nimekonda. Edith akaleta chupa. Nikanyoosha mkono kupokea, yeye akapita na kikombe mbele yangu, akampa Bertha. Akampa baba yake. Akajimiminia. Kisha akaiinamisha chupa juu ya kikombe changu na kuitikisa. Ilitoka nusu, ya chini, ina majani.

"Imeisha, mama," akasema. "Utaniwia radhi."

Bertha alikuwa ananitazama juu ya kikombe chake. Nikainywa yote, pamoja na majani.